Sura ya Tisa: Kishimo cha Fataki

Watu wa Klabu ya Shabaha ya Corbin Fork walijua kulenga, lakini kudharau walijua zaidi. Walimdharau anayenunua risasi dukani. Walimdharau anayejaza upya maganda ya risasi zake mwenyewe kwa pupa. Na kuliko wote walimdharau Duane Pruitt, ambaye hata kwenye klabu yao hakuwa mwanachama. Kwa hiyo Norval Egge, msimamizi wa uwanja wao, alipopigwa risasi moja ya kifua Jumamosi asubuhi akibandika karatasi za shabaha, na ganda tupu la risasi likaokotwa chini ya msonobari juu ya kilima, hawakuhitaji hata dakika tano. Waliligeuza, wakatazama kitako chake, wakacheka. Ndipo wakakumbuka kwamba kuna mtu amekufa.

"La Pruitt," walimwambia sherifu, na sherifu akaandika.

Verna Stohl, mpelelezi wa kaunti, hakupenda jibu linalokuja na kicheko. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu, na miaka miwili tu katika bonde hili, jambo ambalo watu wa hapa walimkumbusha kila walipompa kahawa. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa amesimama katika chumba cha vielelezo, kibali cha mwendesha mashtaka mkononi, na kamera imewashwa juu ya meza. Saa nane mchana wa siku hiyo hiyo Pruitt angesimama mbele ya jaji akiri kuua. Wakili aliyepewa na kaunti alikuwa amemwambia kwamba akikiri atapata miaka thelathini, na akibisha atafia ndani.

"Maabara ya jimbo wanasema wiki sita kulinganisha alama za bunduki," alisema Sherifu Boyd Kittredge, akijipangusa sukari ya donati kwenye suruali. "Mwendesha mashtaka hangoji wiki sita. Sasa wewe unataka kulibomoa ganda lenyewe."

"Silibomoi. Natoa fataki."

"Ya nini? Kila mtu amesema ni la Pruitt."

"Kila mtu ameona nje, Sherifu. Ndani ya kitako hakuna aliyetazama."

Alipitisha sindano ya chuma kwenye mdomo wa ganda, akagonga kwa nyundo ndogo mara moja. Fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachopokea pigo la bunduki na kuwasha baruti, ilianguka kwenye kisahani ikalia ting'. Verna aliinua ganda kwenye taa. Ukingo wa kishimo ilimokaa ile fataki ulikuwa umetafunwa na kisu pande zote, huku juu, huku chini, kazi ya mtu aliyekuwa anafikiria jambo jingine. Huo ndio ukingo uliowachekesha wanaklabu, maana bonde zima hakuna mwingine aliyetumia kisu.

Lakini ndani kulikuwa na jambo jingine. Alichukua pamba ya kijiti akafuta nusu tu ya sakafu ya kishimo, nusu ya pili akaiacha kwa ajili ya upande wa utetezi. Masizi yalitoka kwa pangusa moja. Chini yake shaba ilikuwa bapa, imekatwa sawasawa hadi pembeni, na kuzunguka kitundu cha katikati kulikuwa na mstari mwembamba wa duara, umeinuka kama uzi wa nywele.

Alitoa lenzi ya baba yake mfukoni, ile ya sonara, akatazama tena. Kisha akachukua ganda la pili, moja ya yale yaliyotolewa kwenye gunia nyumbani kwa Pruitt, akalitoa fataki vilevile. Humo masizi yalikuwa yameganda kama ukoko wa sufuria. Alifuta mara nne, pamba ikawa nyeusi, ukoko ukabaki pale pale.

"Njoo utazame."

Kittredge alitazama kwa jicho moja, kwa heshima ya dakika moja. "Hili chafu, hili safi. Basi alisafisha moja. Mtu akienda kuua anaweza hata kuoga."

"Halikusafishwa tu, limekatwa sakafu. Kuna kekee ya mkono ya kazi hiyo, ncha yake bapa. Nyumbani kwa Pruitt ulikuta nini?"

"Kisu. Nyundo. Kile kidude chake cha kushindilia, cha zamani kuliko mimi."

"Na kekee?"

"Aliazima."

"Kwa nani? Wale wanaomcheka?"

Sherifu alivaa kofia yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu tu, na uvivu ukivaa beji huitwa uzoefu. "Una mpaka saa nane, Verna. Baada ya hapo ni mali ya jaji, na mimi naenda mlimani kuwinda kulungu."

Mahabusu ya kaunti ilikuwa chini ya ngazi, vyumba vitatu, viwili vimejaa viti vibovu. Katika cha tatu Duane Pruitt alikuwa anakula mayai ya baridi kwa kijiko cha plastiki. Alikuwa mwembamba, mtengeneza nyua na mwokota vyuma chakavu, na ndevu zake zilikuwa zimeota kwa mafungu.

"Pruitt, nielezee unavyotengeneza ganda la jeshi."

"Leo, mama? Leo ndio unataka kujifunza?"

"Leo."

Aliweka kijiko chini. "Haya. La jeshi, kiwandani wanalibana ukingo, fataki isichomoke. Wewe ukishatoa ile ya zamani, mpya haiingii, ule ukingo unaizuia. Kwa hiyo nachukua kisu, nazungusha, nakwangua, napuliza. Basi."

"Na masizi ya ndani?"

"Masizi yamekosa nini?"

"Wenzako wanasema yakibaki fataki haikai sawa."

"Wenzangu wanasema mengi. Wana kibrashi cha hiki, kikwangulio cha kile, kesho watayapiga pasi. Mimi naisukuma kwa nguvu, inakaa. Kulungu hajawahi kurudi kulalamika."

"Hujawahi kukata sakafu ya kishimo?"

"Ina sakafu?" alisema Pruitt, na Verna akaona kwamba hatanii.

"Ukishapiga, ganda unaliacha chini?"

Hapo alichukia kwelikweli. Alinyooka mgongo kama mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wakwe. "Mama, mimi naokota hata yao! Wakiondoka Jumapili napiga magoti kwenye nyasi mpaka nisione mkono wangu. Niache langu? Mimi?"

"Na bunduki yako, inatema ganda yenyewe?"

"Haitemi. Mpaka uvute komeo. Ukipiga mara moja ukakimbia, ganda linakimbia na wewe humo humo ndani."

Verna alikuwa ameliwaza hilo tangu Jumapili. Mtu amepiga mara moja, mtu ameanguka, na badala ya kushuka kilima anakaa, anavuta komeo, anaacha ganda kwenye majani makavu mahali ambapo mlevi angeliona. Sherifu aliita hiyo hofu. Verna aliiita barua iliyoandikwa anwani.

"Ulimuua Norval Egge?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unaenda kukiri?"

"Wakili anasema watakaa watu kumi na wawili wa hapa wanisikilize." Pruitt alitazama mayai yake. "Mimi nawajua watu kumi na wawili wa hapa. Norval peke yake ndiye aliyekuwa ananiachia niokote. Wengine wananifukuza kama mbwa wa jirani. Yeye ndiye nimuue?"

"Ganda lako wangelipata wapi, ikiwa huachi?"

Pruitt alisukuma mayai pembeni. Masikio yake yakawa mekundu.

"Kwenye kopo la klabu," alisema. "Nenda ukaone mwenyewe. Miaka mitatu nyuma niliwapelekea maganda yangu wanisaidie, fataki zilikuwa zinaniponyoka. Niliwapelekea kwa heshima zangu. Mimi sitaki kusimulia."

Kopo lilikuwa dirishani pa nyumba ya klabu, palipo na mwanga mzuri, kopo kubwa la kioo lililowahi kuwa na matango ya siki. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: AIBU. Ndani yake mlikuwa na maganda mabaya ya watu, yaliyopasuka, yaliyopinda, yaliyokatwa ovyo, kila moja limefungwa uzi wenye kikaratasi cha jina la mwenyewe. Wageni walioneshwa kopo kabla ya kuoneshwa choo.

Roy Bascom, katibu wa klabu na fundi bunduki wa mji, alimmiminia Verna kahawa iliyochemka tangu alfajiri.

"Ni mchezo tu, dada. Unamsaidia mtu ajirekebishe."

"Pruitt alijirekebisha?"

"Pruitt!" Bascom alicheka mpaka akashika tumbo. "Pruitt hata Mungu amemwacha kama alivyo."

Verna alimwaga kopo mezani. Alipanga nyuzi moja baada ya nyingine. Vikaratasi vitatu viliandikwa PRUITT. Viwili vilikuwa na maganda. Cha tatu kilikuwa na uzi tu, umekatwa kwa makasi, mkato safi.

"Hili liko wapi?"

Bascom aliacha kucheka. "Sijui. Kila mtu anaingiza mkono humo."

"Na Jumatano ile kabla ya mauaji, wewe na Norval mlimwagiana kahawa hapa hapa. Watu wanne wameniambia."

"Aliniita fundi wa mabomba ya choo! Mbele ya wateja! Kwa sababu ya mtutu mmoja tu uliopinda kidogo." Bascom alikuwa amepauka. "Sasa ndio nimuue? Ningeua kila anayenitukana humu, ningebaki na nani wa kucheza karata?"

"Nipe ganda lako. Lolote uliloandaa, ambalo hujaweka fataki."

Alikwenda nyuma akarudi na bakuli zima. Maganda yalimeremeta. Verna alichukua matatu, akaweka lenzi jichoni. Vishimo vilikuwa safi, safi kuliko vikombe vya klabu, lakini pembe za chini zilikuwa na mviringo kama zilivyotoka kiwandani. Hapakuwa na mkato wala mstari wa duara.

"Hukati sakafu?"

"Ya nini? Naosha kwa sindano za chuma na sabuni, yanatoka yanang'aa kuliko meno ya mchungaji. Kukata tulijaribu sote mwaka mmoja. Tulinunua zile kekee, tukakata wiki mbili, tukapiga, risasi zikaenda kule kule. Yangu iko kwenye droo na betri zilizokufa. Anayekata mpaka leo ni mwenzetu Ansgar Tveit peke yake. Ansgar hawezi kupiga hata kopo la bia kwa ganda ambalo hajalikata. Ni kama dini. Ukimpa risasi yako anairudisha kwa vidole viwili, kama umempa panya."

Kwa hiyo Bascom alikuwa na ugomvi, lakini kile kishimo hakikuwa cha mkono wake. Verna alimfuta kwenye orodha bila furaha, maana angependa sana awe yeye. Aligeuka atoke, akaona ukuta. Kati ya picha za vikombe na vichwa vya paa, palikuwa na mraba uliokuwa mweupe kuliko mbao zilizouzunguka.

"Pale palikuwa na nini?"

"Karatasi ya rekodi ya Tveit. Risasi tano, yadi elfu moja, zote unazifunika kwa kisahani cha kahawa. Watu wametoka mpaka Idaho kuja kuitazama." Bascom alikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Norval aliiteremsha siku moja kabla hajafa."

"Kwa nini?"

"Alisema atatueleza kwenye mkutano wa mwezi. Alisema ameyapima yale matundu, hayakutoka mbali hivyo. Yadi mia tatu, labda."

"Nani alisikia?"

"Mimi. Na Tveit, alikuwa anafunga viatu pale mlangoni."

Verna aliweka kikombe chini polepole. "Na hukuona kwamba hilo ni jambo la kumwambia sherifu?"

"Sherifu aliuliza ganda ni la nani," alisema Bascom. "Nikamwambia ni la nani."

"Bascom, wewe ni mpumbavu, na sisemi hivyo kwa sababu ya ule mtutu."

Saa saba mchana gari la kaunti lilisimama mbele ya nyumba ya Ansgar Tveit. Naibu mmoja mnene alimfuata Verna mpaka juu ya ngazi za chumba cha chini, akaketi kwenye kipandio akafungua mkate wake wa nyama. Huko chini kulinukia mafuta ya mashine na sabuni. Kila chombo kilikuwa kimechorewa kivuli chake ukutani, ili ajulikane mwizi hata wa bisibisi.

Tveit alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, miaka sitini na minane, shati limepigwa pasi kwa ajili ya kukaa nyumbani peke yake. Alimtazama Verna viatu kwanza.

"Futa miguu, binti."

Verna, aliyemzidi umri binti yeyote wa Tveit kama angekuwa naye, alifuta miguu. Aliweka kinasa sauti mezani. "Naweza kuwasha?"

"Washa. Angalau utakuwa na kitu cha kusikiliza."

"Nataka kuelewa haya mambo ya vishimo. Kule ofisini hakuna anayejua."

"Hilo naliamini."

Kwao Butte, Verna alipokuwa na miaka tisa, alikuwa ametoa fataki kwenye maelfu ya maganda ya baba yake, kwa senti moja kila kumi, mpaka vidole vikawa vyeusi. Hakulisema. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani, akaacha uso wake uwe mtupu. Mwanamume mwenye kiburi haoni kitu kizuri kuliko uso mtupu.

"Hili la jeshi," alisema Tveit akichukua ganda. "Ukingo umebanwa. Mjinga anaukwangua kwa kisu. Mtu wa kawaida anaukata kwa kekee ya koni. Mimi nausukuma kwa chuma mpaka urudi ulikotoka, bila kupoteza shaba hata chembe. Unafuata?"

"Najaribu."

"Jaribu zaidi. Sasa ndani. Kiwandani sakafu haitoki sawa. Fataki hii ikikaa juu kidogo, ile chini kidogo, pigo linatofautiana, moto unatofautiana, risasi inakwenda inakotaka." Alichukua kekee fupi yenye mpini wa mti, akaiingiza kwenye kishimo, akaizungusha kwa vidole. Shaba ilitoka kwa nyuzi nyembamba zikaanguka kwenye karatasi nyeupe. Alizungusha, akapuliza, akazungusha tena. Uso wake ulilainika kama wa mtu anayemnyonyesha mtoto chupa. "Kina kimoja. Kila ganda, maisha yangu yote."

"Hata la kuchezea?"

"Hakuna la kuchezea."

"Na asiyekata?"

"Huyo anarusha mawe. Aende mtoni."

"Naweza kulichukua hili moja? Niwaoneshe."

"Chukua. Wapitishie wale ng'ombe wa Kittredge."

Verna alitoa lenzi, akaiweka jichoni kama mtu aliyefanya hivyo miaka arobaini. Tveit aliliona hilo, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Sakafu ya kishimo ilikuwa bapa hadi pembeni. Kuzunguka kitundu palikuwa na mstari mwembamba wa duara, umeinuka kama uzi wa nywele.

"Kekee yako imemeguka jino, Bwana Tveit."

"Kidogo sana. Haidhuru. Nimeshaagiza nyingine."

"Imemeguka lini?"

"Mwezi uliopita."

Alitoa picha kwenye bahasha akailaza juu ya karatasi nyeupe, kando ya zile nyuzi za shaba. Ilikuwa imekuzwa kiasi cha sahani: ukingo uliotafunwa na kisu, sakafu iliyokatwa, nusu na masizi na nusu safi, na ule mstari wa duara. Tveit aliitazama kwa muda ambao mtu hutazama jina lake.

"Lilikuwa chini ya msonobari," alisema Verna. "Nje ni Pruitt. Ndani ni wewe."

"Kekee hizi zinatengenezwa kwa maelfu. Kila mtu kule klabu anayo."

"Ziko kwenye madroo. Na zote zimemeguka mahali pamoja?"

"Sijui wenzangu wanavyotunza vyombo vyao."

"Norval alisema rekodi yako ni ya yadi mia tatu."

"Norval alikuwa anabandika karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake."

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika kumi na tano. Tveit naye aliitazama. Verna aliona akiitazama.

"Una haki ya kunyamaza," Verna alisema, "na ningekuwa wewe ningenyamaza. Una haki ya wakili, kabla na wakati wa kuulizwa. Utakalosema litatumika mahakamani. Picha hii haitoshi kumzuia jaji leo. Pruitt atakiri saa nane kamili, na akishakiri hakuna atakayelifungua faili tena. Sherifu anaenda kuwinda."

Tveit alikunja mikono. Rangi ilimrudia. Alihitaji robo saa ya kimya tu, na kimya hakigharimu kitu. Kule ngazini naibu alitafuna mkate wake.

Verna naye hakubishana. Alifungua daftari, akatoa kalamu, akaanza kuandika taarifa huku akijisomea kwa sauti, polepole kama mwanafunzi wa darasa la pili.

"Ganda liliandaliwa na Duane Pruitt. Kishimo cha fataki kimekatwa kwa ustadi mkubwa."

Tveit alihema kwa pua.

"Kina ni kimoja pande zote. Mtaalamu Ansgar Tveit amelinganisha picha na kazi yake mwenyewe, na hakuona tofauti kati ya mkono wake na mkono wa Pruitt."

"Sikusema hivyo."

"Umesema kekee zote ni sawa. Mimi naandika tu." Aligeuza ukurasa. "Taarifa itasomwa kwenye mkutano wa klabu, maana Norval alikuwa msimamizi wao. Mkono wa Pruitt unaandikwaje, mwanana au thabiti? Wewe ndiye unayejua."

"Usiandike upuuzi."

"Thabiti, basi. 'Pruitt ana mkono thabiti, huenda ndiye mkataji bora wa vishimo katika bonde hili, au akiwa wa pili, ni kwa...'"

"Pruitt!" Tveit alisimama, kigoda kikaanguka. "Yule hajui hata kama kishimo kina sakafu! Umeliona alivyolitafuna? Lilikuwa limezibwa na masizi mpaka kitundu kimebaki nusu! Nimekaa dakika kumi kulitoa uchafu kabla kekee haijagusa shaba. Dakika kumi! Ulitaka niliweke vile vile kwenye bunduki yangu?"

Naibu aliacha kutafuna.

Taa nyekundu ya kinasa sauti iliwaka mezani. Tveit aliitazama, akamtazama Verna, kisha akainama akainua kigoda na kukirudisha mahali pake, miguu yake minne ndani ya alama za chaki zilizochorwa sakafuni. Hakuonekana mtu aliyeogopa. Alionekana mtu aliyekatizwa na wajinga.

"Halingelenga," alisema. "Kwa uchafu ule, halingelenga."

"Lingelenga," alisema Verna. "Bascom amejaribu bila kukata, Pruitt anajaribu kila msimu, na wote wanakula nyama. Ungeliacha lilivyo, saa nane ungekuwa unakunywa chai. Umejifunga mwenyewe, Bwana Tveit, kwa kazi ambayo haina faida yoyote."

Hilo ndilo lililomuuma. Alianza kuzikusanya zile nyuzi za shaba, na naibu akamfunga pingu kabla hajamaliza.

Verna alikuwa ameshapiga simu mahakamani. Ilikuwa saa nane na dakika tatu. Karani alipokea kwa kunong'ona, na nyuma yake Verna alisikia mtu akikohoa katika ukumbi mkubwa.

"Stohl hapa. Simamisha kesi ya Pruitt. Amekwishasema?"

"Bado. Jaji amemuuliza mara mbili, anakiri au anakana. Amesimama tu, anatazama chini."

"Mwambie akane."

"Mama, mimi ni karani, siwezi kumwambia mshtakiwa..."

"Basi mpe simu mwendesha mashtaka, nimwambie yeye kwa nini. Lakini ukipita karibu na Pruitt," alisema Verna, "mwambie akane."